Mzee Funga na Chumba cha Chini

Waliokuja kumzika mume wangu walimsifu sana. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema alikuwa mwanamaji shupavu, mtu wa amri, mtu asiyechelewa, na aliyekuwa mkubwa wake kazini alileta hata bendera iliyokunjwa vizuri. Nilikaa nikasikiliza. Hakuna aliyesema uongo. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeishi naye nyumba moja. Niliyeishi naye ni mimi. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliutumia kuwaonyesha wengine, na kichwa changu bado hakijaanza kuvuja.

Mtaani kwetu walimwita Mzee Funga. Ni kwa sababu akiingia mahali popote, hata kabla ya salamu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Funga mlango." Watoto wa majirani wakimwona anakuja walipiga kelele, "Funga! Funga!" kisha wakabamiza milango ya kwao mmoja mmoja, mtaa mzima unalia pa, pa, pa, naye anacheka mpaka anashika kiuno. Wageni walidhani ni mzaha wa uzee. Mimi nilijua neno hilo limetoka wapi, na sikuwahi kulicheka.

Nilimjua kwanza kupitia nguo zake. Nilikuwa dobi pale kambini, kwenye chumba kirefu chenye masinki ya saruji na mvuke wa kutoona mwenzako. Sare za wanamaji zililetwa kwa magunia, kila moja ina namba ndani ya kola. Kulikuwa na namba moja iliyonitoa jasho kuliko zote: viwiko vyeusi, magoti meusi, mafuta yameingia mpaka kwenye mishono. Nilisugua kwa brashi mpaka vidole vikachubuka. Siku moja mwenye namba akaja mwenyewe.

"Dada, hili doa mbona halijatoka?"

"Halitoki kwa sababu mwenyewe hutoki kwenye mafuta. Unalala ndani ya injini?"

"Karibu hivyo."

"Basi iletwe hiyo injini niioshe, nijue moja."

Alicheka hata msimamizi wetu akatoka kuangalia kuna nini. Wiki iliyofuata alirudi na shati safi kabisa, limepigwa pasi, akaniomba nilifue. Ndivyo tulivyoanza.

Tulipooana tulipewa nyumba kwenye kota, nyumba za mstari mmoja, kuta zimeshikana, jirani akikohoa unamwambia pole bila kunyanyua sauti. Wiki ya kwanza nilimuuliza kazi yake hasa ni nini. Alichukua bakuli akaliweka ndani ya beseni la maji, likaelea.

"Hii ndiyo manowari," akasema. Akagusa ukingo wa bakuli. "Hapa juu wanakaa wenye kofia." Kisha akashusha kidole mpaka kwenye kitako cha bakuli. "Na hapa nakaa mimi."

Nilikitazama kile kidole. Maji yalikuwa yamekizunguka pande zote, tena yako juu yake.

"Mbona uko chini ya maji?"

"Siko chini ya maji, mke wangu. Kuna chuma katikati."

"Kinene kiasi gani hicho chuma?"

Akacheka, akavuta sahani yake akala. 

Tangu hapo manowari ikiondoka mimi sikuwa na usingizi wa maana. Wala sikuwa peke yangu. Kulikuwa na gari moja jeusi la ofisi, lililokuja kota kwa sababu moja tu: kuleta habari mbaya. Likikata kona taratibu, wanawake wote tuliganda. Mwenye kisu alisimama na kisu, mwenye mtoto kwenye beseni alimshikilia hivyo hivyo na povu machoni. Unasikiliza tairi. Likipita mlango wako unapumua, halafu unaona haya kwa kupumua, maana linakwenda kusimama kwa mwenzio. Siku moja lilipita nikiwa napiga pasi, na lilipofika mbali ndipo niliposikia harufu. Pasi ilikuwa imetoboa shati la mume wangu mgongoni, tundu la umbo la pasi kamili. Aliporudi safari ile akiwa mzima nilimwonyesha. Akalivaa ndani ya koti miaka mingi, akisema linampa hewa.

Sasa nifike kwenye lile neno. Tulikuwa tumeshapata watoto wawili, alipomleta nyumbani mwenzake wa zamu, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa. Walikula vizuri. Nikamwambia, "Shemeji, ongeza, chakula bado kipo."

"Naongeza, shemeji. Mumeo ananikirimu hivi unadhani kwa nini? Hajakuambia kwamba mimi ndiye niliyemfungia?"

Nikauliza alimfungia nini. Ndipo akanieleza, mdomo umejaa. Vyumba vyote vya chini melini vina milango ya chuma yenye gurudumu. Bomba likipasuka, maji yakiingia chumba kimoja, aliyeko nje anafunga mlango papo hapo, hata aliyeko ndani awe nani. Asipofunga, maji yanakwenda chumba kwa chumba na meli inazama na watu wote. Aliyefungiwa hugonga chuma kwa spana ili wajue yu hai. Siku moja bomba la maji ya bahari lilipasuka mume wangu akiwa ndani na huyu bwana akiwa mlangoni.

"Ukawa unamsikia akigonga?" nikamuuliza.

"Vizuri kabisa, shemeji. Mkono wangu uko kwenye gurudumu, na kila akigonga nasikia mpaka kwenye kiwiko."

"Na hukufungua."

"Ningefungua, leo usingekuwa na wa kumpakulia, wala mimi nisingekuwepo kukumalizia chakula."

Mume wangu alikuwa amesimama juu ya injini, maji kifuani, mpaka pampu zikayashinda maji. Alipofunguliwa alimpa mwenzake mkono. Na pale mezani kwangu alimpa mkono tena. "Alifunga vizuri," akasema. "Mimi ningemfungia hivyo hivyo." Wakacheka wote wawili.

Mimi niliinuka kama anayefuata chumvi, nikasimama jikoni nimeshika kopo la chumvi. Siku zote nilikuwa naogopa bahari. Siku ile nilianza kuogopa kitu kingine: kwamba mume wangu aliona jambo lile ni sawa. Nikajiambia, mtu akishaliona jambo ni sawa haliachi melini. Atakuja nalo nyumbani, na siku moja litamtaka mmoja wa wangu.

Alistaafu na cheti chake, sanduku la spana na kikohozi cha moshi. Tukanunua nyumba kwenye mteremko. Mbele ilikuwa usawa wa barabara, nyuma ilishuka mpaka kwenye mfereji mkubwa wa maji ya mvua, ambao kiangazi ulikuwa wa vyura na takataka tu. Mwisho wa korido kulikuwa na ngazi chache zinazoshuka kwenye chumba cha chini. Kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, juu karibu na dari, na kwa nje dirisha hilo lilikuwa sawa na ardhi ya kando ya mfereji. Akakifanya karakana yake ya kutengeneza pampu. Watu walimletea pampu za visima, za mashambani, za majengo, na hakuna iliyomshinda.

Msije mkadhani alikuwa mtu mkali saa zote. Mama yake mzazi alikuwa amepooza miguu, tukakaa naye, na aliyemwogesha ni mume wangu, hakutaka mtu mwingine. Binti yetu wa kwanza, ambaye nyumba nzima tulimwita Dada, hata sisi wazazi, alisukwa nywele na baba yake. Alimsuka kwa mkono aliojifunzia kamba za meli, imara hasa, hata wasusi wa mtaani walikuja kuangalia. Jioni kabla ya kula alipita nyuma ya viti akigusa kila kichwa cha mtoto. Baba kama huyo wengi hawakumpata.

Lakini alitaka mlango. Akamwita jirani yetu wa upande wa juu, fundi wa kuchomelea ambaye kila mtu alimwita Cheche, wakatengeneza mlango wa chuma wa karakana, una mpira pembeni na komeo upande wa korido. Ulifunguka kuelekea ndani ya karakana, ili maji yakijaa humo yaubane yenyewe kwenye fremu.

"Mzee Funga," Cheche akamwambia, jasho linamtiririka, "hii nyumba unataka kuiweka baharini?"

"Bahari haichagui, kijana. Inaweza kuja yenyewe."

"Ikija unigongee kwanza, nina deni la kuvua samaki."

Tulicheka sote, na kosa hakuna aliyeliona. Miaka yote aliyofanya kazi chini, juu ya kichwa chake kulikuwa na tundu lenye ngazi, la mtu aliyefungiwa kupandia pampu zikishindwa. Alilizoea mpaka akaacha kulifikiria, kama wewe usivyofikiria kwamba chumba kina sakafu. Akachukua mlango wa meli akauweka kwenye chumba kisicho na tundu la juu, chenye dirisha la nondo na dari la mbao lililopigiliwa misumari.

Kisha akawafundisha watoto. Aliufanya mchezo. Popote alipo akisema, "Funga!" mtoto aliye karibu akimbie akavute mlango wa karakana, apige komeo, asiulize, asitazame nyuma. Aliyewahi alibebwa mabegani. Aliyechelewa alisikia sauti ya gwaride: "Ungekuwa umeshatuua wote!" Siku moja Dada alichelewa kwa sababu aligeuka kutafuta kiatu. Akamrudisha, akamrudisha tena, mpaka akaweza kufunga macho yake yakiwa yamefumba. Mtoto alikuwa analia, machozi yanadondoka kwenye komeo.

"Baba, inatosha sasa," nikamwambia.

"Mama watoto, maji hayasemi inatosha."

Nikarudi jikoni. Lakini usiku na mchana nilikuwa nautazama ule mlango kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Mfereji uliacha kuwa wa vyura. Ukawa na sauti, mngurumo wa chini unaousikia kwenye miguu kabla ya masikio. Mchana mmoja, tumeshakula, mama mkwe alikuwa amelala kwenye godoro chini, kwenye chumba kilichopakana na zile ngazi za karakana, na wadogo wawili wamelala naye. Mimi nilikuwa ukumbini nakunja nguo za wateja. Dada alikuwa amempelekea baba yake chai. Nikasikia kioo kinavunjika, kisha mfano wa lori linalomwaga mchanga, kisha sauti ya mume wangu.

"Funga!"

Na chuma kikalia.

Nilikimbia. Dada alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, mgongo ameupa mlango, kikombe cha chai bado mkononi, hakijamwagika.

"Baba yuko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani, mama. Kasema funga."

Niliondoa komeo nikausukuma mlango kwa mikono, kwa bega, kwa nyonga. Haukutikisika. Ilikuwa kama kusukuma ukuta wa nyumba. Kwenye mpira wa pembeni maji ya tope yalikuwa yanachungulia kidogo kidogo. Dada akaning'ang'ania mkono, kucha zimeniingia nyamani. "Mama usifungue! Kasema funga! Mama!"

Ndipo nikasikia spana. Ko. Ko. Ko. Iligonga usawa wa kiuno changu.

"Baba!" nikapiga kelele. "Toka!"

Sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. "Mama watoto. Mtoe mama kwanza. Watoeni wote."

Na mimi sikuwa na la kufanya ila hilo, maana mlango usingefunguka hata ningeupenda vipi.  Tulimshika mama mkwe na godoro lake, mimi kichwani, Dada miguuni, wadogo wanashika nguo zangu wakilia, tukampeleka mvuani mpaka kwa Cheche, nyumba ya juu.

"Mwanangu yuko wapi?" mama mkwe akawa anauliza njia nzima. "Nimesikia akiita. Yuko wapi mwanangu?"

"Anakuja, mama. Anamalizia."

"Anamalizia nini kwenye mvua hii?"

Cheche aliniona uso tu, hakuuliza. Alinyakua mtaimbo na kukimbia mbele yangu.

Tuliporudi, Dada alinitangulia mpaka mlangoni akaweka sikio. Ko. Ko. Ko. Sasa iligonga juu ya kichwa chake. Mungu wangu, ndipo nilipoelewa: spana ilikuwa inanionyesha maji yamefika wapi. Mara ya kwanza kiuno, sasa kichwa, na nikiwa nimesimama pale, nikaisikia imeuacha mlango kabisa, inagonga ukuta ulio juu ya fremu.

Cheche alipiga mlango bega mara moja, akasimama. "Shemeji, huu nimeuchomelea mimi mwenyewe. Hautoki. Kwa mashine ya umeme ningeukata, lakini umeme kwenye maji haya utamuua kabla ya maji. Twende juu ya bati."

"Dada, wewe—"

"Mimi nabaki hapa," akasema bila kugeuka. "Namjibu." Na kweli, alikuwa ameokota kikombe chake pale ngazini, anagonga nacho.

Paa la karakana lilikuwa la chini, limeegemea nyumba. Sikuwa msichana tena, lakini nilipanda kupitia dirisha la mama mkwe, magoti yamechanika, kanga imebaki kwenye msumari. Kutoka pale niliuona mfereji. Haukuwa mfereji, ulikuwa kitu cha rangi ya udongo kinachokwenda kwa haraka na matawi na milango ya watu, na dirisha la karakana halikuonekana kabisa. Cheche aliingiza mtaimbo chini ya bati, akakanyaga. Misumari ilipiga kelele. Bati la kwanza likatoka. La pili likakatalia nusu. Chini yake kulikuwa na mbao za dari, na chini ya mbao nilisikia spana, dhaifu, inagonga mbao yenyewe.

"Yupo!" nikasema. "Yupo, fanya haraka!"

Halafu ikanyamaza.

Cheche naye akasimama, mtaimbo hewani. Tulisikiliza mvua. Kisha kutoka ndani ya nyumba, kupitia lile dirisha nililopandia, ikaja sauti ya Dada, ndogo, ya kawaida kabisa, kama anayeniambia maziwa yamechemka.

"Mama. Ameacha kugonga."

Sitaandika nilichosema. Nilianza kuzing'oa zile mbao kwa vidole. Cheche alinisukuma pembeni, akapiga mtaimbo mara nne tano kama mwendawazimu, ubao ukapasuka, na kwenye ufa ule nikaona mdomo. Mdomo tu, umebanwa juu dhidi ya mbao, umefunguka, unavuta hewa, na maji yanautembelea na kuuacha. Alikuwa ameiachia spana ili ashike boriti kwa mikono miwili. Tulipanua ufa, Cheche akamshika kwapa, mimi nikamshika masikio, nasema kweli, masikio, tukamtoa kama mtu anavyozaliwa.

Tulimlaza kwenye baraza ya Cheche. Alikohoa tope jeusi mpaka nikadhani anatapika injini. Mtaa mzima ulikuwa umejaa. Mama mkwe alikuwa anatambaa kwa mikono kumfuata. Dada alisimama mbali, kwenye nguzo, bado ameshika kikombe.

Mume wangu akainua kichwa, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Umefunga vizuri, mwanangu," akamwambia mbele ya watu.

Watu wakapiga makofi. Dada aliweka kikombe chini, akaenda nyuma ya nyumba ya Cheche, nikamsikia anatapika.

Tuliondoa tope wiki nyingi. Mume wangu alipona kifua, akawa anawasimulia wageni: binti yangu angefaa manowari yoyote duniani, mtoto yule ana moyo wa chuma. Na huku mtoto mwenyewe alikuwa anampelekea chakula, anaweka sahani, anarudi kinyumenyume. Alikuwa hasemi ila akiulizwa. Akiitwa na baba yake alikuja mbio, amesimama wima, vidole vimebana gauni. Nilimwangalia nikasema moyoni, nilidhani maji yametuachia wote. Hayakutuachia. Lile neno limemchukua huyu, na yu hai, anakula, ananisaidia kufua, na sijui nitampata vipi.

Kilichomfungua ni nywele. Zilikuwa zimechakaa, baba yake akamwita kwenye ngazi za nyuma amsuke. Mimi nilikuwa kwenye kamba ya nguo, shuka zimenificha. Alisuka muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya kujivuna:

"Niambie, Dada. Siku ile ulisimama imara vile. Ulikuwa unafikiria nini? Bibi yako na wadogo zako, sio?"

Dada akachezea pindo la gauni lake.

"Sema tu, mwanangu."

"Nilifikiri nikifungua utanigombeza."

Mikono yake ikasimama kwenye nywele.

"Nikugombeze vipi, mimi niliye ndani ya maji?"

"Utatoka halafu utanigombeza."

"Na nilipoacha kugonga?"

"Hapo ndiyo niliogopa zaidi," Dada akasema. "Nilifikiri umekasirika."

 Mume wangu alimalizia msuko ule, lakini ulikwenda upande, na yeye hakuufumua. Dada alipoondoka, akabaki amekaa na kitana mkononi. Baadaye alikuja nilipo.

"Mama watoto, umesikia?"

"Nimesikia."

"Watoto wangu wananiogopa hivyo?"

"Mama yako hakuogopi," nikamwambia.

"Na wewe?"

Nilimpa ncha ya shuka, nikashika ncha nyingine, tukaanza kukamua. "Mimi naogopa unachokiona ni sawa," nikasema. "Naogopa tangu yule mwenzako alipokula hapa akicheka."

 Alikamua mpaka shuka likatoa sauti. Tangu siku ile alikohoa kabla ya kuingia chumba cha watoto, ili wasishtuke. Na amri sikuisikia tena. Hilo nalo lilinitia hofu, maana sikumjua mwanamume asiyetoa amri. Nilikuwa kama nimeletewa mgeni anayevaa nguo za mume wangu.

Mvua za mwaka uliofuata zikaja mapema. Asubuhi moja mngurumo ule ukarudi miguuni. Sote tulikuwa mezani, mama mkwe kwenye kiti chake chenye mito. Hakuna aliyeendelea kula. Wadogo walimtazama baba yao, mimi nilimtazama, hata mama yake alimtazama, tunasubiri ile sauti. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha akaufumba. Akageuka kwa binti yake.

"Tufanyeje, mwanangu?"

Dada alimwangalia kama mtu anayepima daraja kabla ya kukanyaga.

"Tutoke wote," akasema.

"Haya."

Akachuchumaa, akambeba mama yake mgongoni, mimi nikashika wadogo, tukaiacha chai inafuka mezani. Mama mkwe alilalamika njia nzima kwamba amevalishwa kiatu kimoja, kwani hata mafuriko yana adabu zake. Tulifika kwa Cheche tumelowa chepechepe, tukasimama barazani kuitazama nyumba yetu kule chini, na mfereji unapanda nyuma yake.

Hapo nikasikia kitu nisichowahi kukisikia miaka yote ya ndoa yangu. Meno ya mume wangu yalikuwa yanagongana. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, mwanamaji yule, mbele ya Cheche na mbele ya mtaa, na hakujaribu kuficha. Dada aliyasikia pia. Alimwangalia baba yake muda mrefu. Kisha akasogea, akasimama ubavuni kwake.